Nilidhani ni Nywele

Shangazi mpendwa, niokoe, nimejiponza kwa mdomo wangu mwenyewe. Mimi ni msusi, nina saluni ya viti viwili, na kwetu saluni kutengenezwa ni nywele, basi, sasa mama mkwe akanikuta nimezama kwenye kichwa cha mteja, akasema shule zikifungwa atamchukua binti yangu wa darasa la nne akatengenezwe kwa dada yake yeye mwenyewe, nami pini zimejaa mdomoni nikajibu, "Sawa mama, ila mtafute mwenye mkono mwepesi, huyu akivutwa kidogo tu analia," akacheka, akanibariki, akaenda zake, kumbe jana wifi yangu ananiuliza, "Dawa ya kidonda umeshanunua?" nikamwambia kidonda gani cha kusukwa, akainamisha macho, akasema wanampeleka kukeketwa, Shangazi, kitana kilinidondoka, mume wangu naye si mtu mbaya, anasema hata yeye hapendi, lakini eti mimi nimeshatoa neno, ukoo mzima unajua, tukikataa tutamuaibisha mama yake, na safari ni Jumamosi, nifanyeje?

Msusi wa Viti Viwili

Shangazi anajibu:

Msusi wangu, umenichekesha kisha ukaniliza. Siku nyingine ukiongea na mkweo, tema pini kwanza!

Neno lipi ulilotoa? Ulikubali nywele. Na hata ungekubali kwa akili zako zote, mwili wa mtoto si wako kuugawa. Eti kumtengeneza! Ameharibika wapi? Kukeketwa kutamletea kuvuja damu, maumivu kila akienda haja ndogo, na hatari siku ya kujifungua. Wapo waliokufa kwa jeraha hilo. Tena ni kosa la jinai, na mzazi anayemtoa mtoto naye hushtakiwa.

Huyo mumeo asiyependa, mwambie kutopenda kimoyomoyo hakumsaidii mtoto. Amwambie mama yake leo, kwa sauti, wewe ukiwepo. Safari imefutwa, na mtoto halali nyumba nyingine likizo hii. Asubuhi nenda kwa mwalimu wake na kwa afisa ustawi wa jamii, uwaeleze nani anataka kumpeleka, wapi na lini. Wakija kumchukua kwa nguvu, ita polisi, usione haya. Na binti yako mwambie wazi, kwa maneno anayoyaelewa, kwamba ana ruhusa ya kukataa na kupiga mayowe, hata anayemvuta akiwa bibi anayempenda.

Mkweo atanuna. Mheshimu, mpikie, msuke bure, ila mtoto humpi. Watakuita mkorofi mpaka wachoke. Itika tu, mama, binti yako akiwa pembeni yako, mzima.