Karatasi ya Bawa la Kushoto

4 Machi

Kwako mdogo wangu, Bwana Kalamu,

Salamu nyingi zikufikie hapo mezani kwako, wewe na mkeo na wanangu wawili. Mimi mzima, ila goti linanisumbua nikipanda ngazi. Nikishafika juu ya bawa linasahau.

Nakuandikia kwa sababu kila nikikupigia simu uko kikaoni. Hivyo vikao vyenu haviishi? Sasa soma mpaka mwisho, nakujua ulivyo mvivu.

Huku karakana kuna maneno. Tumesikia makao makuu mnajadili kama ndege zetu tatu zifungwe vibawa, vile vinavyosimama wima kwenye ncha ya bawa, au ziuzwe chuma chakavu na kampuni ikodi ndege mpya. Hizo za kukodi zitatengenezwa na wenyewe, hukohuko kwao. Maana yake karakana inafungwa, watu thelathini na nane nyumbani. Mimi miaka ishirini na sita nagonga ribiti za kuungia bati kwenye hizo tatu tu, tulizozibatiza Bibi, Shangazi na Kitindamimba. Sijawahi kugusa ndege nyingine.

Rubani mkuu amenieleza vizuri. Upepo wa chini ya bawa hupenya nchani ukapanda juu ukizunguka, na mzunguko huo ndio unaoivuta ndege nyuma. Kibawa kinauzuia. Safari ya saa tatu unaokoa lita nne za mafuta katika kila mia. Jamani, mtu na akili zake atupe ndege nzima kwa sababu ya ncha?

Nasikia anayeandika ripoti ni kijana mmoja wa ofisi ya mipango. Mwambie huyo kijana aandike vizuri.

Dada yako

15 Machi

Kwa Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wote hatujambo, mdogo ameota meno mawili na anatung'ata sote bila ubaguzi. Pole kwa goti. Umelipeleka hospitali, au unalisemesha tu?

Kijana huyo ni mimi, na wewe unajua ni mimi.

Kusema kweli, Dada, jambo lenyewe lina pande mbili. Safari ndefu zinalipa. Lakini nusu ya safari zetu ni za dakika arobaini, ndege haijatulia angani imeshaanza kushuka, na hapo kibawa ni uzito tu. Wakubwa wengi wanataka ndege mpya. Mmoja ameshachagua rangi ya viti. Ila nimezipanga zetu zote tatu kwenye safari ndefu, zile fupi nikaziachia kampuni nyingine, nikapiga hesabu mara tatu, na vibawa vinashinda. Kidogo, lakini vinashinda. Nilifurahi mpaka wenzangu wakauliza kama nimepandishwa cheo.

Nahitaji kumbukumbu za matengenezo ya mabawa ya ndege zote, tangu zilipofika. Bodi inakaa tarehe 24 Aprili.

Mdogo wako

22 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba! Kumbe zile shule hazikwenda bure. Marehemu mama angekuwepo angepiga vigelegele mpaka majirani wakimbilie ndani.

Nimekutumia nakala ya kila karatasi. Ya Shangazi, bawa la kushoto, usiiruke. Ni ya mwaka ule gari la ngazi za abiria lilipoigonga karibu na ncha, dereva macho kwenye simu. Walitaka kuleta mafundi kutoka nje. Nikasema thubutu, nipeni siku kumi. Nikakata, nikaunga, nikagonga ribiti mia mbili na kumi na nne. Mkaguzi alipitisha kidole akasema hajui bati la zamani linaishia wapi. Sahihi ya chini ni yangu. Wakiiona hiyo watajua ndege hizi zina mwenyewe.

Hapa wameanza kuniita Mama Vibawa. Mpishi wa kantini ananijazia sahani siku hizi, na yule mama hajawahi kumjazia mtu.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Sisi wazima.

Wanaotengeneza vibawa wana sharti. Kibawa kinalikunja bawa zaidi, na mzigo unaangukia palepale karibu na ncha. Bawa lililowahi kuungwa sehemu hiyo hawalikubali, liwe limeungwa vizuri au vibaya. Nimewaandikia mara mbili na picha za kazi yako, bila kusema ni ndege ipi. Wamejibu sentensi moja, na jina langu wamelikosea. Bila Shangazi zinabaki mbili, na kwa mbili hesabu yangu inaanguka.

Nakala iko kwangu, yenyewe iko kabatini kwako. Hakuna mwingine huku aliyeiona, na watakaofunga vibawa ni nyinyi. Nikiitoa kwenye faili hakuna atakayeuliza. Najua ninachokuandikia, Dada. Lakini wewe ndiye uliyeliunga lile bawa. Niambie, niiache au niitoe? Utakalosema nitafanya.

Mdogo wako

19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hujambo lakini? Sijapata barua, na simu inaita tu. Nimempigia mpishi wa kantini, anasema uko kazini na unakula, ila husemi na mtu. Wewe, ambaye hata ulipong'olewa jino hukunyamaza!

Zimebaki siku tano. Neno moja linatosha.

Mdogo wako

9 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Watoto wanakusalimia.

Niliiacha. Nilikaa na lile faili mpaka katibu alipokuja kulichukua, na karatasi ilikuwa bado ndani. Bodi walitumia dakika kumi na moja. Alitolewa Shangazi, halafu wakatolewa wote. Mwenyekiti akanisifu kwa umakini wangu. Bora angenitukana. Ndege za kukodi zinakuja Septemba, zina vibawa tangu kiwandani. Karakana inafungwa tarehe 30 Juni.

Ungeniambia niitoe, ningeitoa. Mbona ulininyamazia? Nikasirikie unavyotaka, ila niandikie.

Mdogo wako

28 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, usinitafutie ugonjwa.

Barua yako ilinifikia tarehe saba Aprili, saa ya chai. Niliisoma nimesimama, nikaenda kupanda juu ya bawa la Shangazi, nikapapasa pale. Nilivyoliunga najua. Nikifunga kibawa, litabeba? Sijui. Nimeishi nikisema najua, na humo ndani wanakaa watu mia na ishirini wakiitisha maji na magazeti.

Halafu nikashika kalamu nikakuandikia: itoe. Ndiyo, mimi huyuhuyu. Niliandika itoe mara nne, nikachana mara nne. Moja niliifikisha dirishani posta nikageuka nayo. Simu yako ikiita naikalia, maana ningefungua mdomo lingetoka hilohilo. Nilijua nikinyamaza utafanya nilivyokulea. Kwa hiyo usijilaumu, na mimi usinisifu. Sikuchagua haki. Nilikuachia mzigo wote peke yako, na wewe ni mdogo wangu. Nisamehe.

Watu hapa hawajui. Fundi wa magurudumu anamlaani kijana wa mipango kila asubuhi mbele yangu, nami nakunywa chai. Nimeshindwa hata kusema kijana huyo tumenyonya ziwa moja.

Nimeomba kazi sehemu tano. Wanauliza nina cheti cha ndege gani. Nikiwatajia, wanacheka kwa adabu. Wewe ndiye msomi, ulisoma mpaka ukavaa miwani. Hebu niambie, mwanamke wa miaka hamsini na mbili anayejua ndege tatu, na zote tatu zinakwenda kukatwa, afanye nini? Nijibu sawasawa, usinizungushe.

Dada yako

12 Juni

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimeuliza kila ninayemfahamu kama ana kazi ya kukufaa, hakuna. Barua hii nimeianza mara sita, na ulisema nisikuzungushe.

Sijui, Dada.

Mdogo wako