Nyumba Aliyoijenga Babu Yako

Ruhuwiko, Songea

Kwako Saimon, mume wangu wa utani,

Shikamoo yako sijaiona tangu Pasaka, lakini marahaba. Mahindi yamekauka vizuri. Nguruwe tuliyemficha kwa shangazi yako kule Mshangano amezaa saba, funga mdomo.

Kadi ya babu yako ya matibabu bure imetoka. Dawa za kiharusi anapata, na mhudumu wa afya anakuja kumgeuza na kumnyoosha mguu. Umefurahi? Wewe ndiye uliyesema nyumba tuiandike jina lako ili tuonekane hatuna kitu, nami mjinga nikakubali.

Afisa wa ustawi aliuliza nyumba ni ya nani. Nikaapa, rozari mkononi: "Ya mjukuu wetu. Sisi tumehifadhiwa tu." Babu yako alikuwa amelala palepale. Matofali ya nyumba hii aliyafyatua mwenyewe, mimi nikimchotea maji.

Tangu hapo kila asubuhi ananiuliza, kwa mdomo wake uliopinda, "Benigna, wenyeji wetu watatuvumilia mpaka lini?" Uji haumalizi. Anasema tusiwamalizie watu unga.

Nikimwambia nyumba ni yake, anajibu, "Nilikusikia ukiapa. Wewe huwezi kuapa uongo." Padri nimemkwepa Jumapili tatu.

Njoo na hiyo hati ya nyumba umkabidhi mkononi. Kadi wakiichukua, nitamgeuza mwenyewe kama zamani. Na usiniite mke mpaka ufike.

Bibi yako,
Benigna