Alama Tatu za Mahat

Bulla Iftin,
Garissa.
9 Mei 1999

Mwanangu mpendwa Abdikarim,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri na unavaa vizito, maana nasikia huko Toronto hata mwezi wa tano watu bado wanatoka na makoti. Kifua chako je? Ulipokuwa mdogo, upepo wa mtoni tu ulitosha kukulaza kitandani siku tatu. Nauliza mapema kwa sababu nimekuja kukugombeza, na kumgombeza mgonjwa si haki.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mvua imenyesha upande wa Tarbaj na Habaswein, sisi ikaturuka kama watu tusiojulikana. Mama yako, dada yangu Qali, anakusalimu sana. Goti linamsumbua akiinama, lakini mdomo wake hauna maumivu yoyote. Mimi bado niko ofisini, mwaka wa kumi na tisa huu, nikipiga chapa barua za mabwana wanaokuja na kuhamishwa.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Barua hii anaibeba Saynab, jirani yako anayerudi huko Jumanne, na Saynab husoma barua za watu akiwa ndani ya ndege. Kiswahili hakijui. Tena Kisomali ulichokiandika kwenye ukurasa wako nimekisoma, na tangu siku hiyo naona afadhali tuzungumze kwa lugha uliyofundishwa kwa kiboko.

Haya, huo ukurasa. Bahasha yako ya Februari ilifika salama, pamoja na zile karatasi ulizozitoa kwenye kompyuta ili tuone jinsi ulivyoiweka Garissa yetu kwenye intaneti, na kurasa nne za masomo ulizoziita Mwongozo kwa Anayeanza. Unataka mama yako mdogo awe mwandishi wako. Kila wiki nikutumie habari, wewe uziweke huko, na dunia isome.

Nilianza na picha. Juu kabisa umeweka ngamia. Abdikarim, ngamia huyo ana nundu mbili! Marehemu babu yako Bare alichunga ngamia miaka hamsini kutoka Elwak hadi ukingo wa Tana na hakuwahi kuona mnyama wa namna hiyo. Nilimwonyesha mama yako, akaitazama karatasi muda mrefu, kisha akauliza kama mtoto wake bado anaswali. Chini ya ngamia kuna kijitu kinachochimba kwa sepetu na maneno kwamba ukurasa unaendelea kujengwa. Chini ya kijitu umeandika: wewe ni mgeni wetu wa 4,112. Wageni elfu nne umewaita kwenye nyumba ambayo bado inachimbwa msingi, na hakuna hata chai.

Kisha nikasoma masomo yako. Unanifundisha kwamba kichwa cha habari kibebe neno ambalo watu wanalitafuta, hata kama habari yenyewe inahusu jambo jingine. Unanifundisha kwamba neno hilo lirudiwe mara ishirini ili mashine ya kutafuta ituone na ituweke mbele ya wengine. Nilijaribu, wallahi. Nilikaa kwenye taipureta yangu nikaandika: Ngamia wa Garissa ni ngamia bora kuliko ngamia wa mahali pengine penye ngamia. Nikasimama hapo kwa aibu. Kuna bwana mmoja hapa ofisini aliwahi kuweka neno maendeleo mara tisa katika barua moja, na hata yeye alikuwa amelewa mamlaka tu, hakuwa na mashine ya kumsingizia.

Somo la tatu lilisema niwaombe wenye kurasa nyingine watutaje, nasi tuwataje, ili wote tuonekane wakubwa. Nikune nikukune. Hapo nikakunja karatasi zako nikaziweka chini ya Msahafu, si kwa heshima, ila ndiyo sehemu pekee ya nyumba ambayo watoto wa jirani hawagusi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilidhani nitakuandikia mzaha wa nusu ukurasa, tucheke, yaishe.

Sasa sicheki. Hawo amekuja.

Nadhani unamkumbuka Hawo wa Habaswein. Kama humkumbuki, nakukumbusha: ulipozaliwa mama yako aliugua homa, maziwa yakakauka, na Hawo, aliyekuwa na mtoto wake wa miezi miwili, alikuweka kwenye ziwa lake la pili. Miezi mitano ulinyonya pale. Mwanawe Mahat ni ndugu yako wa kunyonya, na mnajua wote wawili, maana mlilala mkeka mmoja kila likizo mpaka ulipopanda ndege.

Mahat aliondoka Elwak Januari 1992 akiwa utingo wa lori lililovuka mpaka na magunia ya sukari. Lori halikurudi, dereva hakurudi, Mahat hakurudi. Hawo alilipeleka jina lake kwenye kile kipindi cha redio cha kuwatafuta waliopotea, likasomwa jioni moja pamoja na majina mengine mia tatu. Kisha kimya cha miaka saba.

Mwezi wa tatu binti yake Leyla, aliyeolewa Uswidi, aliketi mbele ya kompyuta akaandika jina la kaka yake katika mashine ya kutafuta. Mashine ikamjibu kwamba jina hilo lipo, na lipo kwenye ukurasa wa Garissa. Akaufungua. Akamkuta ngamia wako wa nundu mbili. Alisoma juu mpaka chini, hakuona jina la Mahat popote, na mashine inaapa kwamba lipo. Akakuandikia barua ya kompyuta mara mbili kuuliza nani ameliweka na alimwona wapi. Ninayo hapa jinsi ulivyomjibu, kwa sababu alimsomea Hawo kwa simu: Asante kwa kutembelea ukurasa wetu, tafadhali rudi tena.

Basi Leyla akapiga simu hapa Garissa, kwenye duka la Kerrow, na Kerrow akatuma habari kwa taar, ile redio ya kupitishia ujumbe, mpaka Habaswein: jina la Mahat limeonekana Garissa. Kwa mama, jina la mwanawe likionekana mahali, basi mtoto yuko mahali hapo. Hawo aliwaachia watu mbuzi wake, akapanda lori siku ileile, akabisha hodi kwangu akiwa na kibuyu cha maziwa na shati jipya la kiume.

Wiki mbili sasa amekaa kwangu. Kila asubuhi baada ya swala anatoka. Amekwenda kwenye mnada wa mifugo, amekwenda hospitali, amekwenda kwenye malori, na kila mahali anataja alama tatu za Mahat kisha ananyamaza. Siku ya nne alikuja ofisini kwangu. Sikuwepo, nilikuwa nimetumwa. Akamkabili karani wetu, kijana wa kutoka bara, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni: "Wewe kijana, kombyuta ya Garissa iko wabi? Jina ya mtoto yangu iko ndani." Tunayo kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma, haijawashwa tangu bwana aliyeileta ahamishwe. Yule karani alimwonyesha. Hawo akaomba kitambaa kitolewe. Akaitazama mbele, kisha akazunguka akaitazama kwa nyuma. Karani ananihadithia haya akiwa amekosa pa kuweka macho yake.

Jioni hiyohiyo nilitoa karatasi zako chini ya Msahafu. Safari hii nilisoma mpaka mwisho, pamoja na somo la sita ambalo mara ya kwanza nililiruka kwa kuchoka. Nakunukuu mwenyewe, usije ukasema nimekusingizia: "Chini kabisa nimeweka majina mia tatu ya waliopotea, niliyoyanakili kutoka orodha ya redio. Nimeyaandika kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe. Msomaji hayaoni, mashine inayaona. Wasomali dunia nzima wanatafuta ndugu zao, kwa hiyo watakuja kwetu."

Niliisoma mara tatu. Nimekuona mjinga mara nyingi, Abdikarim, na nimekupenda hivyohivyo. Siku ile nilikudharau. Umechukua watoto wa watu waliopotea ukawafanya chambo, ili namba chini ya ngamia ipande. Na kibaya zaidi, hukuwa hata na uovu wa kutosha kuyasoma majina yao. Ulinakili jina la ndugu yako wa kunyonya kwa mkono wako mwenyewe na mkono haukusita.

Mashine unaitukuza, lakini babu yako asingekuruhusu uende kisimani na akili hiyo. Ngamia akipotea, mwenyewe huenda kisima hadi kisima akiuliza, na ulimwona babu akifanya hivyo. Anataja chapa, anataja sikio lililokatwa, labda na rangi ya nundu, kisha anafunga mdomo. Alama iliyobaki anaiweka moyoni, ili anayesema amemwona aulizwe. Mtu anayefika kisimani na kutaja kila chapa ya kila ukoo, rangi zote, masikio yote, watu wanachukua fimbo. Wanajua huyo hatafuti ngamia wake.

Ilibidi nimwambie Hawo. Nilikaa siku sita nikiogopa, na ninasema hili bila kujisifu: kila asubuhi nilimwacha atoke tena na maneno yake matatu. Siku ya kumi na moja, Alhamisi, nilimkalisha, nikamimina shaah, nikamweleza yote: jina limewekwa na Abdikarim, Abdikarim hajamwona Mahat, hakuna aliyemwona. Nilidhani atalia au atakulaani, na laana ya mama wa kunyonya si ya kuchezewa.

Alikunywa chai yake yote. Kisha akaniuliza, kwa Kisomali chake cha polepole, kama ni kweli mashine hiyo inamfikia mtu yeyote anayeandika jina la Mahat, popote alipo. Nikasema ndiyo, ilimfikia Leyla. Akasema, basi na Mahat mwenyewe akiandika jina lake? Akaweka kikombe chini. Akasema, mwambieni Abdikarim aandike vizuri.

Kwa hiyo sasa mwandishi wako wa Garissa anakutumia habari yake ya kwanza, na wewe ndiye unayeanza. Futa ngamia. Futa kijitu na sepetu yake. Futa yale majina meupe yote mia tatu leo, kabla hujala, maana kila moja lina mama yake na lori lake. Kisha weka ukurasa mmoja. Kichwa kiwe jina la Mahat Diriye, mara moja tu, na habari iwe ya Mahat Diriye. Rangi iwe nyeusi. Uandike hivi, usiongeze neno:

"Mahat Diriye, wa Habaswein. Alitoka Elwak na lori Januari 1992. Ana kovu juu ya nyusi ya kushoto. Akitembea anautupa mguu wa kulia. Akianza kusema, neno la kwanza linakwama. Anatafutwa na mama yake, Hawo, ambaye yuko hai."

Hayo ya mwisho ni yake. Nilitaka kuyapunguza nikamwona anavyonitazama, nikayaacha. Na mtu akikuandikia, mjibu. Mjibu wewe mwenyewe, kwa kichwa chako, siku hiyohiyo. Ukirudia ile asante yako ya kutembelea ukurasa nitapanda ndege, na unajua naogopa hata daraja.

Wasalimie wote huko, hasa mkeo Anab, na umwambie mtoto akizaliwa tunataka picha yake, siyo ya kompyuta. Mdogo wako Guled amefaulu mtihani, anakusalimu. Mama yako anakuombea kila swala, nami nimemwomba asisome barua hii. Mwenyezi Mungu akulinde na baridi na akurudishie haya usoni, amin.

Hawo pia anakusalimu, na sijui moyo huo anautoa wapi. Anarudi Habaswein kesho. Shati ameliacha kwangu, ndani ya sanduku. Anasema alama ya nne haiandikwi. Atakayejitokeza na kudai kwamba yeye ndiye Mahat aulizwe hiyo, na wa kuuliza ni wewe, kwa sababu mlilala mkeka mmoja, nawe huwezi kuwa umeisahau.

Amelisema hilo mbele yangu bila shaka yoyote. Kama unaikumbuka, usiniandikie ni ipi. Kama umeisahau, niambie upesi nimpe Leyla kazi hiyo, na Hawo hatajua kamwe kwamba uliisahau.

Ni mimi mama yako mdogo, ninayekupenda hata wiki hii,

Rukiyo Bare