Vichupa Viwili Bila Jina

Kasongo, Jumanne

Mende! Gundi iliisha tangu mwezi jana, nikabandika karatasi za majina kwa ugali wa muhogo. Usiku mende wamekula ugali, karatasi zimeanguka mezani, na vichupa viwili vimebaki bila jina.

Kimoja iko cha muzee Salumu wa Nyangwe. Kingine cha Anjelina, muke wangu.

Jana nilitia tone la dawa ya formoli mu kila kimoja, juu ya yale maji ya njano ya damu. Ya mutu mwenye afya hubaki maji. Ya mutu mwenye ugonjwa wa usingizi huganda kama ute wa yai lililochemshwa. Leo kimoja kimeganda. Nimekipindua, hata tone halikuanguka.

Munganga muzungu, mukubwa wangu wa kazi, anafika kesho kutoka Kabambare. Atauliza: "Hii ni ya nani?" Mwenye damu hiyo atapelekwa lazareti, kambi ya wagonjwa wa usingizi, na kule wengi hawarudi.

Nilishika kalamu. Kwa kile kilichoganda niliandika "Salumu". Mungu anisamehe. Nilipomutoboa mukono yule muzee aliniambia, "Pole pole, mutoto wangu, damu yangu iko kidogo."

Nikafuta. Nikasema, nimupime Anjelina tena leo leo, nijue mbele ya munganga kufika. Saa kumi nimerudi nyumbani na sindano mufukoni.

Mboga ya sombe imeungua. Moshi umejaa nyumba nzima, na Anjelina iko amelala kando ya moto, mwiko mukononi.

Nimemwita mara tatu.

Sindano sikuitoa.