Msokoto Mvivu

Caney, Kentucky
Oktoba, majani yakiwa mekundu

Kwa Baba yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta kifua kimetulia na miguu imeacha kuvimba. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Opal ameota jino la chini na sasa anang'ata kila kitu, hata kidole cha mchungaji alipokuja kutuombea. Msalimie sana kaka Estill, mwambie soksi zake za sufu nimezimaliza. Na wewe, unakula vizuri? Estill hajui kupika, mimi namjua.

Baba, habari za chumba mlichotuandalia huko Dayton nimezipata, pamoja na ile kazi ya kufagia kiwandani ambayo Estill amemwombea Denzil. Nimechelewa kujibu, wala si kwa dharau. Kuna jambo nilikuwa nalingoja, na ukisoma mpaka chini utalijua.

Unajua Denzil, mume wangu, alivyokuwa tangu paa la mgodi limwangukie begani. Alikaa barazani akitazama mlima kama mtu anayetazama treni iliyomwacha. Nikimwekea maharage na mkate wa mahindi, anasema asante, kisha anawapa mbwa. Mwisho wa kiangazi akanitamkia kwamba ikiwa majira haya ya kulungu yatapita bila nyama kuingia ndani ya nyumba hii, basi yeye si mtu wa milimani tena, tufunge mizigo tuje Ohio. Nikamjibu sawa. Moyoni nilikataa, Baba. Nataka Opal ajifunze kutembea kwenye mteremko huu, aanguke kwenye majani, asianguke kwenye saruji.

Bunduki yake ya siku zote inapiga teke kama nyumbu, na daktari ameshamkataza kuishika. Ndipo nikakumbuka gobore. Nilikuwa naosha vyombo wakati ukimfundisha Estill pale mezani, mkiyeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu, na maji ya vyombo yalipoa mimi nikisikiliza. Ulisema gololi, ile risasi ya mviringo, ni nyepesi, haitaki baruti nyingi, kwa hiyo gobore la gololi haliumizi, linasukuma bega kama mtoto anayemwamsha mama yake. Lakini ukasisitiza mtutu wake lazima uwe na msokoto mvivu, yaani ile mifuo, michirizi iliyochongwa ndani yake, izunguke polepole, mzunguko mmoja katika inchi sitini na sita. Msokoto wa haraka ni wa zile risasi ndefu nzito zenye teke. Ukiutilia gololi na baruti ya kutosha kuua kulungu, gololi inateleza juu ya mifuo na kwenda inakotaka yenyewe.

Inchi sitini na sita zinanipita mimi kwa urefu. Mtutu wenyewe haufiki hata nusu yake. Basi nimekuwa nikiwaza, nikianika nepi za Opal, kwamba gololi inatoka mdomoni mwa bunduki haijamaliza hata nusu ya mzunguko, na sehemu yote iliyobaki inajizungukia yenyewe huko nje hewani, kwenye mwanga, bila mtu kuishika. Sijui kwa nini wazo hilo linanituliza. Wakati mwingine nasimama na nepi mkononi mpaka inaanza kukauka.

Mwezi uliopita watu walikusanyika kwenye malisho ya kando ya mto kushindana shabaha na kubadilishana vitu, kama ilivyo desturi. Nilibeba blanketi langu la viraka, lile la nyota, nikijua nalipeleka wapi. Mzee Burchell, fundi wa bunduki, alikuwa na magobore mawili. Moja kalitengeneza mwenyewe, halina pambo lolote, mti wake mweusi kama sufuria. Alimwambia Denzil kwamba hilo lina msokoto mvivu na halitamsumbua bega. Bahati mbaya Verlin, binamu yake Denzil, alikuwa karibu, nawe unamjua mdomo wake. Akapaza sauti, "Haya Denzil, umepata mwenzako! Mtutu mvivu kwa bwana mvivu!" Wanaume wakacheka. Mume wangu akawa mwekundu mpaka masikioni. Akalirudisha lile jeusi polepole, akachukua la pili, lenye shaba inayong'aa kila mahali.

Mzee Burchell akasema hilo kalipata kwa kubadilishana, msokoto wake haujui, pimeni wenyewe. Denzil akafunga kitambaa chenye mafuta kwenye ncha ya ufito wa kushindilia, akausukuma mpaka chini, akachora alama ya chaki juu yake, kisha akaanza kuuvuta taratibu huku wote wakiangalia kama alama itazunguka, maana kitambaa kikifuata mifuo, ufito nao huzunguka. Haikuzunguka ila kidogo sana. Akamgeukia Verlin akasema, "Unaona? Na huyu naye mvivu, tena mrembo."

Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, kwa sababu Opal alikuwa anaing'ang'ania ile shaba. Nilisikia kitambaa kikilia ndani ya mtutu. Nikatazama mkono wa Denzil, nikaona vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe. Alikuwa ameukamata ule ufito kwa nguvu, hauwezi kuzunguka hata ukitaka. Kitambaa kilikuwa kinaruka mifuo badala ya kuifuata. Ndivyo walivyo wanaume wetu wakiangaliwa, wanakaza.

Nikapiga hesabu. Nikisema mbele ya Verlin, Denzil atalichukua lile la shaba kwa hasira tu, na kulungu wa kwanza atakayemkosa atatupeleka Ohio. Nikinyamaza, si tutalichukua na kukosa vile vile? Nikamwambia, "Baba Opal, nishikie mtoto, mgongo unaniuma." Mkono mzima anao mmoja tu, akaujaza mtoto. Nikamwomba Mzee Burchell aniruhusu nijaribu na mimi, najifurahisha tu. Nikausukuma ufito mpaka chini, nikauvuta kwa vidole viwili, kama unavyomtoa mtoto titi mdomoni akiwa amelala. Ukaanza kuzunguka wenyewe. Alama ikaenda, ikaenda, ikamaliza mzunguko mzima na ufito bado haujatoka. Verlin akaguta, "Lo, shemeji! Huo ni mtutu au kizibuo cha chupa?" Wakacheka tena, safari hii wakiicheka bunduki. Denzil hakucheka. Alinitazama mimi, akautazama mkono wake, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, nipe huyo mvivu wangu." Blanketi la nyota nikaliacha pale. Mke wa Mzee Burchell alilikunjua juu ya majani, na sikugeuka kulitazama.

Tangu siku ile alikuwa anafyatua nyuma ya nyumba, akilenga ubao, na bega likastahimili. Akaanza kula. Siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kwa magobore tulimwacha Opal kwa mama mkwe, tukapanda alfajiri, mimi nimebeba vitu vyote. Ukungu ulikuwa mzito, miti inatokea mmoja mmoja kama wageni wanaoona haya kuingia ndani. Tukakaa. Hata sijui tulikaa muda gani. Ghafla kulungu dume akawa yupo, wala hatukumwona akija, kana kwamba ukungu wenyewe umeamua kuwa na pembe.

Sasa Baba, kaa vizuri. Bonde zima linajua isipokuwa wewe, maana Denzil amelitangaza mpaka kanisani. Alilenga vizuri. Lakini kushikilia bunduki ukingoja mnyama ageuke ubavu si sawa na kupiga ubao. Bega lilianza kutetemeka, likatetemeka mpaka mdomo wa mtutu ukawa unachora duara. Akaishusha. Nikaona Dayton yote machoni pake. Halafu akanong'ona, "Arlena, chukua." Nikamwambia mimi sijui. Akasema, "Unajua. Kila nikishindilia nakuona unachezesha midomo, unanitajia kinachofuata." Akakaa nyuma yangu, akaniegemeza kwenye bega lake zima.

Nimempiga mimi, Baba. Moshi ukaingia kwenye ukungu, sikuona kitu. Tukangoja kimya bila kumfuata, kama ulivyomfundisha Estill. Denzil ndiye aliyemkuta, chini ya msonobari, hakwenda hata mbali. Alicheka peke yake kule ndani ya weupe, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ajali ya mgodini. Nikamwuliza kama ahadi yake ya nyama inahesabika. Akasema, "Nilisema nyama iingie ndani ya nyumba. Nilitaja bega la nani?"

Kwa hiyo hatuji, Baba. Mwambie Estill tunamshukuru kwa kazi na kwa chumba, awape wengine wanaohitaji. Najua ulikuwa ukisema mwanamke akigusa bunduki kabla ya mawindo anaharibu bahati ya msimu mzima. Kama umekasirika, nakuomba usinikasirikie kwa barua. Panda basi kabla ya theluji, uje unigombeze hapa hapa barazani. Nitakaa nikusikilize mpaka umalize, kisha nitakupakulia nyama, na Opal atakung'ata kidole.

Denzil anakusalimu kwa heshima. Mama mkwe naye. Mungu akulinde njiani, maana najua utakuja.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Arlena