Aliyeachiwa Kuita Mizunguko

Braamfontein, Johannesburg

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Baridi ya Tukuyu imeyaachia magoti yako? Na yule ng'ombe mpya, amekubali kukamuliwa? Mimi ni mzima, ila bado nanunua mkate mkubwa, nusu yake inaota ukungu.

Naandika kabla shemeji Elia hajakupigia simu. Atasema binti yako mjane anashikwashikwa na wanaume. Usikie kwangu kwanza.

Ni ile dansi ya Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa. Watu husimama wawili wawili kwenye mistari, kiongozi anaita mizunguko, na kila duru unabadilishiwa mwenzi. Yona wangu ndiye aliyekuwa akiita. Wakongo na Warundi walipotea kwa Kiingereza, akaipa mizunguko majina yetu. Kuzungushana kwa viwiko ni "kiwiko". Kupitana bila kugusana ni "mgongo kwa mgongo". Kushikana kiunoni na kuzunguka mbio ni "pia", kama ile pia ya kuchezea aliyochongewa na babu yake. Na mwanamume akikushika mkono, mkono wake mwingine mgongoni mwako, akakugeuza polepole hadi mahali pako, hiyo ni "msindikize". Aliipenda kuliko zote.

Jumamosi iliyopita nilirudi, mara ya kwanza tangu tumzike. Kule mtu akikosa mwenzi, nafasi huachwa wazi, naye huzunguka nayo kana kwamba mtu yupo. Nikazunguka na nafasi ya Yona, kijana mmoja akiita kwa Kiingereza. Nililia, Mama, lakini sikukosea hatua.

Ndipo shemeji akaingia.

"Shemeji, twende nyumbani! Kaka yangu juzi tu kazikwa, wewe wanaume wanakupokezana kama sahani ya pilau?"

Mama Furaha, Mrundi anayeuza mboga Newtown, akamjibu, "Eish, baba, sahani hii hukupakuliwa wewe."

Watu walicheka. Mimi nilimwambia, "Shemeji, nguo nyeusi nimevaa, na nitaivaa mpaka mwisho wa maombolezo. Lakini maneno haya ya mizunguko ni ya kaka yako. Nikikaa ndani, nani atayaita?"

"Basi ukoo hautakutambua."

Nikapanda jukwaani. Sauti ilikwaruza. "Kiwiko cha kulia!" Ukumbi mzima ukageuka. Shemeji aliondoka bila kuaga.

Akikupigia, usinitetee kwa kuomba radhi. Ukoo ukinifuta, unifute. Jumamosi nitaita.

Nisalimie baba mdogo na nyuki wake, na dada mshonaji. Gauni jeusi limenikaa vizuri, hata kwenye pia halinibani.

Ni mimi binti yako,
Neema, mke wa Yona