Kipande cha Waya Ndani ya Bahasha

4 Machi

Baba na mama, shikamooni.

Mimi mzima, ila mikono inanuka plastiki iliyoungua. Baba, macho yanaendeleaje? Mama aliniambia tangu yafifie kabisa umeacha hata mazungumzo, unashinda ndani tu.

Nina shida na gari la mikate. Feni ya injini ilivunjika, fundi wa hapa akanifungia ya umeme, iliyotoka kwenye gari kubwa. Akaipitisha kwenye swichi ya dashibodi kwa waya mwembamba. Fyuzi ilipokatika, akaweka kubwa zaidi. Jana swichi ililainika kama nta chini ya kidole changu. Bosi ameshasema: nikichelewa tena kupeleka mikate kule mlimani, njia ile anampa mwingine.

Baba, wewe umefunga nyaya za magari maisha yako yote, nielekeze. Mama, mshikie kalamu.

Mwanenu wa mwisho

13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Macho yameshaondoka, usiyaulizie tena. Ulizia miguu, hiyo bado ipo.

Huyo fundi wako ni mvivu. Fyuzi kazi yake ni kuulinda waya. Ukiweka kubwa, waya ndio unaungua badala yake. Sasa sikiliza. Feni ile inakula umeme mwingi, swichi ndogo haiwezi kuubeba. Nunua rilei, kile kidude cha sumaku kinachowasha umeme mkubwa kwa umeme mdogo. Swichi iiamrishe rilei tu, basi. Umeme wenyewe utoke kwenye betri kwa waya ambao shaba yake ni nene kama mrija wa wino ulio ndani ya kalamu. Upite kwenye fyuzi karibu kabisa na betri, uingie kwenye rilei, ndipo uende kwenye feni. Waya wa ethi, ule wa kuurudisha umeme, ufunge kwenye bodi ya gari. Kabla hujagusa chochote, chomoa kichwa cha hasi cha betri.

Usimpe huyo fundi. Fanya mwenyewe, mikono unayo.

Baba yako

Mama hapa. Amenisomesha barua hii mara tatu mpaka akaridhika, na chakula kimepoa. Wewe unakula lakini?

2 Aprili

Wazazi wangu, shikamooni. Hamjambo huko?

Nimekawia kwa sababu nilitaka kuwaletea habari njema tupu. Imekuwa nusu.

Nilifunga mwenyewe, Jumapili nzima, mkwe wenu, mume wangu, akinisomea barua kama mahubiri. Feni ikawaka, swichi ikabaki baridi. Nikapanda mlima siku nne bila wasiwasi. Siku ya tano feni ikaanza kuzunguka kivivu, mshale wa joto ukapanda, nikaegesha kando na mikate yote ndani. Bosi amenipa mpaka katikati ya mwezi.

Fyuzi nzima. Rilei inalia tik kama kawaida. Ila waya wa ethi ulikuwa wa moto pale ulipofungwa. Nimeukata mwisho wake pamoja na kile kijicho cha kupitishia bolti, nimeutia humu kwenye bahasha. Najua huoni, baba. Lakini sikuwa na mwingine wa kumpelekea.

Mwanenu

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, sisi wazima. Mama yako alianza kunieleza waya ulivyo, nikamwambia nipe tu mkononi.

Katikati plastiki haijaguswa, shaba iko sawa. Moto ulianzia kwenye kijicho. Nimekikwaruza kwa ukucha, kimetoka kigaga kikavu chenye upande mmoja laini kama kioo. Hiyo ni rangi. Umefunga ethi juu ya rangi ya gari. Umeme wote ule ulikuwa unapita kwenye kitundu cha sindano. Kwaruza mpaka chuma king'ae, kaza bolti, paka grisi juu yake. Usijilaumu. Kosa hilo mimi nililifanya nikiwa na miaka kumi kazini, gari la maharusi likazimika wakiwemo ndani.

Baba yako

Ya maharusi hakuwahi kuniambia hata mimi. Tumecheka mpaka kalamu ikaniponyoka. — Mama

21 Aprili

Baba, mama, shikamooni. Leo ni fupi, mikate inangoja.

Ilikuwa rangi. Nimepanda mlima siku sita mfululizo, mshale umetulia. Njia ni yangu. Yule fundi alikuja akainama kutazama kwa muda, akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia baba yangu, kwa barua. Hakuniamini.

Mwanenu

6 Mei

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua hii ni yangu peke yangu. Jirani mwenye teksi alinisikia nikimsomea baba yako barua yako, akaleta gari lake. Jirani alimwekea baba yako mkono kwenye nyaya, moja moja, mpaka mzee akasema, "Huu hapa ndio mbovu." Keshoye wakaja wawili. Leo asubuhi kuna basi dogo limeziba mlango, nimetoka kwa ubavu kwenda dukani.

Nimemwita baba yako aje aseme ya kwake, nimwandikie. Amejibu kutoka chini ya boneti, bila hata kuinua kichwa, nikuambie yuko kazini.

Mama yako